Kioo cha rimoti juani: kwa nini mwendeshaji wa ndege nyuki huhitaji kivuli

Mtu anayepokea ujumbe wa malipo akiwa uwanjani saa saba mchana hahitaji kufundishwa la kufanya. Huinamisha kichwa, huweka kiganja juu ya simu na kusogea penye kivuli. Mwendeshaji wa ndege nyuki, ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, hukutana na shida hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mikono yake miwili imeshika rimoti, na kinachoonyeshwa kwenye kioo chake si salio, bali chombo kinachopita juu ya nyumba, mifugo na mashamba ya watu.

Vyombo hivi vimekwisha kuzoeleka katika kazi za ramani nchini. Jijini Dar es Salaam vilitumika katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Zanzibar, mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ilianza kupiga picha za visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani. Karibu zaidi na Njombe, katika kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, mradi wa MAST uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani, USAID, uliwafundisha vijana wa kijiji kurekodi mipaka ya mashamba kwa simu janja. Hapo chombo kilikuwa simu, si ndege, lakini jua lilikuwa lilelile.

Kwa wananchi wa Yakobi jambo hili si la wataalamu peke yao. Mpaka wa shamba vijijini mara nyingi ni safu ya miti, mfereji au njia ya miguu, na picha ya angani ndiyo inayoweza kuuonyesha au kuuficha. Ubora wa picha hiyo unategemea, pamoja na mambo mengine, iwapo mwendeshaji aliona vizuri alichokuwa akikifanya.

Kwenye kioo cha rimoti husomwa kiasi cha chaji kilichobaki, urefu wa ndege kutoka mahali ilipopaa, idadi ya setilaiti zinazoiongoza, nguvu ya mawasiliano, na picha ya kile ambacho kamera inakiona wakati huo. Ndege nyingi za aina hii hukaa angani kati ya dakika 20 na 45 tu, kisha zinapaswa kutua. Kuna pia mpangilio unaoiamuru ndege irudi yenyewe ilikoanzia endapo mawasiliano yatakatika, na mpangilio huo una urefu wake maalumu. Milingoti iliyokomaa huweza kupita mita 30. Mwendeshaji aliyesoma vibaya tarakimu za urefu wa kurudi, akadhani ni 60 kumbe ni 20, ataipoteza ndege yake ndani ya miti, na anayepita chini anaweza kuumia.

Kosa lililo gumu zaidi kuligundua ni la mwangaza wa picha. Kioo kikionekana cheusi kwa sababu ya jua, mwendeshaji asiye mzoefu hudhani ni picha yenyewe iliyo nyeusi, hivyo huongeza mwanga wa kamera. Akirudi ofisini hukuta mapaa ya mabati na udongo mkavu vimekuwa weupe mtupu, na bikoni nyeupe iliyowekwa kuonyesha kona ya kiwanja haionekani tena. Hapo ama kazi irudiwe, ama mtu akisie. Kukisia mpaka ni kupanda mbegu ya ugomvi.

Sababu ya kioo kufifia juani ni hesabu ndogo tu. Mng'ao wa kioo hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Simu nyingi za kawaida hutoa niti 400 hadi 600. Rimoti zilizotengenezwa kwa kazi za nje hufikia 1,000 au kidogo zaidi. Kioo kisichopakwa dawa ya kupunguza mwakisiko hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga unaokipiga. Asilimia 4 yaonekana ndogo, lakini shati jeupe lililopigwa na jua la mchana hung'aa kwa niti zipatazo 25,000. Chukua asilimia 4 ya hizo: ni niti 1,000. Maana yake taswira ya shati la mwendeshaji ndani ya kioo hung'aa kuliko picha anayojaribu kuitazama. Kwa shati la rangi nzito, taswira hiyo hushuka hadi niti 60 au 70, na picha huonekana.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza, ambao hauna gharama yoyote, ni kuvaa nguo ya rangi nzito kifuani. Wengi hukimbilia kununua rimoti ya bei kubwa kabla ya kubadili shati.

Ushauri wa pili ni namna ya kusimama. Anayelielekea jua hulipa nafasi ya kumulika kifua na uso wake, na vyote viwili hujitokeza ndani ya kioo; macho yake nayo huumia anapoitafuta ndege angani. Akilipa jua mgongo, mwili wake huwa ukuta na kioo huingia katika kivuli chake. Hilo hufaa asubuhi na jioni. Jua likiwa utosini mwili hautoi kivuli cha kutosha, na hapo huhitajika kofia yenye ukingo mpana, baraza la nyumba, au mwavuli. Mwavuli uwe mweusi kwa ndani, kwa kuwa mweupe huruhusu mwanga kupenya na wenyewe ukawa taa juu ya kioo. Kioo kikilazwa huakisi mbingu. Kikiinuliwa kiasi kuelekea kifua chenye nguo nyeusi, mwakisiko hupungua papo hapo.

Kipo pia kibanda kidogo cha kuzungushia kioo pande tatu, ambacho huuzwa madukani lakini huweza kutengenezwa kwa boksi gumu lililopakwa rangi nyeusi ndani. Wapiga picha wa zamani walijifunika kitambaa cheusi kichwani kwa sababu hiyohiyo. Mwendeshaji wa ndege hawezi kujifunika hivyo, kwani anatakiwa kuiona ndege yake kwa macho. Labda awe na mwenzake anayeifuatilia angani na kumweleza.

Jua la Njombe lina mambo yake. Mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na jua huchoma ingawa ubaridi upo. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Februari mara nyingi mawingu ya masika hulifunika. Oktoba ni kiangazi na mbingu ni wazi. Wapimaji nao hupendelea kupiga picha kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu vivuli vya miti ni vifupi na haviifuniki mipaka. Saa zinazofaa kwa kamera, kwa hiyo, ndizo mbaya kuliko zote kwa kioo. Ukungu wa asubuhi huongeza ufinyu wa muda, maana kazi haiwezi kuanza mapema.

Miwani ya jua yastahili tahadhari ya pekee. Ile ya kuondoa mng'ao, inayopendwa na madereva, huchuja mwanga unaotikisika upande mmoja, na vioo vingi vya simu na rimoti hutoa mwanga wa namna hiyo hasa. Pande hizo zikipingana, kioo huwa cheusi kana kwamba kimezimwa. Yeyote mwenye miwani hiyo anaweza kuhakiki kwa kuizungusha simu polepole mbele ya macho yake. Mwendeshaji hufaa kutumia miwani ya kawaida ya rangi, au kuivua kabisa anaposoma kioo.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo simu hufanya bila kumwarifu mwenyewe. Simu iliyopata moto hupunguza mng'ao wake ili kujilinda, na simu iliyolala juani hupata moto hata siku ambayo watu wamevaa makoti. Aidha, simu iliyoachiwa kujipangia mng'ao hudanganyika inapowekwa ndani ya kibanda cheusi: hudhani jioni imeingia, ikafifia. Mng'ao upandishwe kwa mkono hadi mwisho kabla ndege haijapaa, kioo kifutwe alama za vidole, na chombo kitunzwe kivulini hadi kinapohitajika. Karatasi ya plastiki isiyong'aa huondoa taswira ya shati, lakini jua likiipiga moja kwa moja hutandaza weupe kioo kizima. Hufaa zaidi kwa anayefanya kazi kivulini.

Mwananchi anayemkuta mwendeshaji kazini anaweza kumsaidia kwa kutomzonga. Kundi la watu waliovaa nguo nyeupe mbele yake ni sawa na taa zilizoelekezwa kwenye kioo, mbali na hatari ya kusimama ndege inapotua. Kumuuliza kibali ni haki ya uongozi wa kijiji: urushaji wa ndege hizi husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, chini ya kanuni za mwaka 2018, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo huhusika. Lakini maswali yaulizwe kabla ndege haijapaa au baada ya kutua, si wakati macho ya mwendeshaji yapo kwenye chaji.

Lililo kubwa zaidi huja mwishoni, pale mwenye shamba anapoonyeshwa picha kwenye kishikwambi na kuulizwa iwapo mstari uliochorwa ndio mpaka wake. Wazee wengi huitikia kwa heshima ilhali kiooni hawaoni chochote zaidi ya taswira ya nyuso zao. Hakuna utovu wa adabu katika kuomba picha hiyo itazamwe ndani ya nyumba au chini ya mti, na ikuzwe hadi ule mti wa kona, lile jiwe au ule mfereji uonekane. Macho yaliyotoka juani huhitaji dakika chache kuzoea kivuli, basi asubiriwe. Jirani wa upande wa pili wa mpaka naye aitwe, wautazame mstari huo pamoja kabla yeyote kati yao hajaweka sahihi au dole gumba.