Mabua Makavu na Ukali wa Chokaa

Ndugu mkulima, kila kaskazi inapokaza mabua ya mahindi hujaa shambani na ng'ombe hukonda. Ng'ombe huyala mabua akajaza tumbo, lakini mwili haupati kitu. Si kwamba mabua hayana chakula. Chakula kimo, ila kimefungwa.

Sehemu kubwa ya bua ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya chembe za sukari zilizoungana kwa maelfu. Minyororo hiyo hulala ubavu kwa ubavu, ikashikana hata maji hayapenyi kwa urahisi. Tena imezungukwa na gundi ngumu iitwayo lignini. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe ndivyo viwezavyo kumeng'enya selulosi, lakini hapo vimefungiwa mlango.

Sasa fikiri juu ya chokaa. Toka Kiwayu mpaka Lamu mjini, watu wamejenga kwa chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa. Aliyeikoroga kwa mikono anajua inavyokula ngozi. Ukali huo ndio alkali; magadi na majivu ya kuni pia yanao. Alkali ikiingia katika bua, hukata vifungo vya ile gundi, na selulosi huvimba na kulegea. Minyororo yenyewe haikatiki sana. Kazi hiyo huachiwa vijidudu.

Alkali ikizidi ukali, minyororo hujipanga upya kabisa, wala hairudi ilivyokuwa hata ukiiosha. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aliona kitambaa cha pamba kilichotiwa katika soda kali kikinywea, kikawa na nguvu zaidi na kushika rangi vizuri. Kwa malisho hatuhitaji ukali huo, na soda hiyo hupofusha macho.

Afadhali mbolea ya urea. Ikifungiwa pamoja na mabua yenye unyevu, hutoa amonia, nayo ni alkali. Kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 60 za maji. Nyunyiza sawasawa, shindilia katika shimo lililotandikwa nailoni, kisha funika hewa isipite kwa wiki 3. Maji ya urea usiyaache wazi hata kidogo: mbuzi akiyanywa hufa.

Mtu wa Kiwayu atauliza, mbona nisitumie chokaa? Yaweza kufaa, lakini huyeyuka kidogo tu katika maji, kazi yake ni ya polepole, na ukungu huwahi kuingia. Tena miamba ya huko imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga tangu 1979, nayo ni makao ya samaki. Usiibomoe kwa ajili ya mabua.

Ukifungua shimo, anika malisho siku nzima harufu kali ipungue. Anza kwa kidogo, ukichanganya na malisho ya kawaida. Ndama wa chini ya miezi 6 asipewe. Punda naye usimpe kabisa, maana tumbo lake si kama la ng'ombe.