Punguza kisu, usikitie motoni

Baadhi yetu tuliorudi Burundi kutoka Kigoma tulibeba visu virefu vya shambani. Leo tunamenya mihogo ya kuuza, na ncha ndefu hujeruhi vidole. Usikitupe. Chora umbo unalotaka kwenye bapa, kibane imara, kisha punguza ncha kwa tupa taratibu. Tupa ikiteleza, sugua kwa jiwe la kunolea lenye maji.

Naona wengine hukitia motoni ili kilainike. Chuma kikifika nyuzi 300 za Selsiasi hivi hugeuka buluu. Ugumu umepungua, makali hayadumu.

Mpini nao uchonge ulingane na kiganja chako. Fedha ya kisu kipya ibaki kuwa mtaji.