Mwanafunzi Mwenye Usonji Katika Muhula wa Kwanza wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, ifikapo Oktoba au Novemba, vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita huondoka makwao kwenda Mwanza, Dodoma, Arusha au Dar es Salaam kuanza masomo ya chuo kikuu. Miongoni mwao wamo wenye usonji, na baadhi yao hawajapata kupimwa. Usonji si laana, wala si lazima uambatane na upungufu wa akili. Ni namna tofauti ya kukua kwa ubongo, inayogusa mawasiliano, hisi na mazoea. Daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943 kwa habari za watoto 11. Watoto wa namna hiyo hukua, na wengine hufaulu kidato cha sita vizuri sana.

Kinachomwelemea kijana huyu chuoni mara nyingi si masomo. Aliyekulia karibu na machimbo ya Geita aweza kuwa amezoea karasha lisagalo mawe kutwa, kwa kuwa sauti yake ni ile ile. Lakini bwalo la chakula lenye sauti mia likamshinda. Tena kuna chumba cha watu wengi, foleni ya usajili, na ratiba iliyobandikwa Jumatatu ikabadilishwa Jumatano kwa tangazo la mdomo. Salamu nazo zina taabu yake. Usukumani huwa na mpangilio, swali na jibu lake, na mtoto hujifunza akazishika. Chuoni kila mtu husalimu apendavyo. Nyumbani kutomkazia mzee macho ni adabu, bali mhadhiri aweza kudhani kwamba kijana anaficha jambo. Hatimaye hujifungia chumbani, huacha kula, huacha vipindi.

Akirudi nyumbani kabla ya muhula kwisha, watu husema amerogwa au ana pepo. Hapa mchungaji na apime neno lake. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kuitikia tu maneno hayo kwaweza kumhatarisha bibi wa kijana, sembuse kijana mwenyewe. Na kumkemea pepo mtu ambaye masikio yake yamechoshwa na kelele ni kumwongezea kelele.

Katika Kutoka 4 Mungu hakuuondoa uzito wa ulimi wa Musa, alimpa Haruni. (Tusisahau kwamba Haruni huyo huyo, alipoachwa peke yake, alitengeneza ndama. Msaidizi asigeuke kuwa bwana.) Basi mchungaji wa usharika aweza kupanga kijana apelekwe chuoni siku chache mapema, akaonyeshwa kumbi, bwalo na mahali patulivu pa kukaa. Mchungaji wa chuo aweza kumtafutia mwenzi mmoja wa kumwandikia kila badiliko la ratiba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki ya elimu, hivyo kumwomba mshauri wa wanafunzi chumba chenye watu wachache si kuomba upendeleo.

Barua ya kumwombea hayo isiandikwe kwa siri. Kijana aisome kwanza, afute asilolitaka, ndipo ipelekwe. Na akikataa neno usonji lisitajwe, yatajwe mahitaji yake tu.