Sura ya Sita: Toleo Jipya la Skrini Kubwa

Kampuni za laptopu zina desturi ya kutoa upya modeli ileile karibu kila mwaka. Jina linabaki, nambari iliyo nyuma ya jina ndiyo inayosogea: mwaka huu G8, mwakani G9. Mwenye mashine ya skrini kubwa iliyomtumikia miaka mitano akiona tangazo la toleo jipya, au akisikia kwamba duka fulani mjini Naivasha limepokea mzigo wa ex-UK, yaani mashine zilizotumika Uingereza, huanza kuitazama mashine yake kwa jicho jingine. Je, wakati wa kubadilisha umefika?

Sura hii inalijibu swali hilo kwa niaba ya mtu anayeishi na kufanya kazi Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, upande wa milima ya Eburru. Anaweza kuwa karani wa chama cha wakulima anayeweka hesabu za mazao, mwalimu wa sekondari anayejumlisha alama za mitihani, msimamizi katika shamba la maua anayejaza jedwali la mavuno, au mwenye saiba anayewasaidia watu kujaza fomu za KRA na eCitizen. Wote wanahitaji skrini kubwa kwa sababu wanasoma majedwali mchana kutwa. Wote pia wana shughuli nyingine nyingi zinazoingoja pesa ya kununulia mashine mpya.

Jibu langu ni hili: toleo jipya hubadilisha vitu vichache tu, mara nyingi kimoja au viwili. Badilisha iwapo mojawapo ya vitu hivyo ndicho kinachoikwamisha kazi yako sasa. Ikiwa sicho, utalipia upya ambao kazi yako haitauona.

Miaka ya kuruka na miaka ya kupumua

Tuchukue familia ya laptopu ambayo maduka mengi ya Kenya yanaijua vizuri, HP EliteBook, hasa zile za skrini kubwa za mfululizo wa 850. Ukizipanga kwa mwaka utaona kwamba maendeleo hayaji kwa hatua zinazolingana.

Prosesa ya Core i5-7200U, ya kizazi cha saba, ilikuwa na viini (cores) viwili. Mwaka 2017 Intel ilitoa i5-8250U ya kizazi cha nane ikiwa na viini vinne, kwa kiwango kilekile cha wati 15. Huo ulikuwa mruko wa kweli. Mwaka uliofuata ikaja i5-8265U, na 2019 ikaja i5-10210U. Zote mbili zilibaki na viini vinne na kuongezewa kasi kidogo tu. Aliyeuza mashine ya kizazi cha nane ili apate ya kumi alitoa pesa nyingi kwa tofauti ndogo.

Mruko mwingine ulikuja 2022. HP iliipumzisha 850 G8, yenye skrini ya inchi 15.6, ikaleta 860 G9 yenye skrini ya inchi 16 na prosesa za kizazi cha kumi na mbili. Core i5-1235U ya kizazi hicho ina viini 10, viwili vyenye nguvu na vinane vya kubana matumizi ya umeme. Mwaka 2023 ikafuata 860 G10, na i5-1335U yake ina mpangilio uleule wa viini. Kwa hiyo anayetoka 850 ya kizazi cha saba kwenda 860 G9 anahama ulimwengu, ilhali anayetoka 860 G9 kwenda G10 hajasogea sana.

Hapa pia ndipo wanunuzi wengi huumia. Kibandiko cha i7 huvutia kuliko cha i5, lakini i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili, wakati i5-8250U ina vinne. Soma tarakimu zinazofuata kistari: 8250 ni kizazi cha nane, 10210 ni cha kumi, 1235 ni cha kumi na mbili. Usitosheke na nambari ya modeli pekee, kwa kuwa EliteBook za G5 zilitoka kiwandani nyingine na prosesa za kizazi cha saba na nyingine za kizazi cha nane. Mwambie muuzaji awashe mashine, ufungue ukurasa wa maelezo ya mfumo, usome mwenyewe.

Toleo jipya linaweza hata kupunguza kitu. Dell XPS 17 ya 2023 ilikuwa na nafasi mbili za kuongeza RAM. Mwaka 2024 Dell iliiondoa sokoni na kuweka XPS 16, ambayo RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki tena. Apple nayo, ilipotoa MacBook Pro ya inchi 16 yenye chipu ya M3 Pro mwishoni mwa 2023, ilipunguza viini vyenye nguvu kutoka vinane vya M2 Pro hadi sita, na kasi ya kupitisha data kwenye memori ikashuka kutoka gigabaiti 200 kwa sekunde hadi 150. Mashine ilikuwa nzuri bado. Lakini aliyedhani kila kipimo kimepanda hakuwa amesoma karatasi ya maelezo.

Inchi hazisemi yote

Inchi za skrini hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo haziwezi kukuambia umbo. Skrini ya zamani ya inchi 15.6 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha 19.4. Skrini mpya ya inchi 16 yenye uwiano wa 16 kwa 10 ina upana uleule wa 34.5, lakini kimo chake ni 21.5. Sentimita mbili hizo zimeongeza eneo kwa karibu asilimia 11. Na sasa tazama ile kubwa ya inchi 17.3 ya mtindo wa zamani: upana 38.3, kimo 21.5. Kwa kimo, inchi 16 mpya inalingana kabisa na inchi 17.3 ya zamani.

Hesabu hii ina maana kwa kazi za kila siku. Karani anayeshuka kwenye orodha ndefu ya wakulima anahitaji kimo. Akihama kutoka pikseli 1920 kwa 1080 kwenda 1920 kwa 1200, na Windows ikiwa imekuzwa kwa asilimia 125 ili herufi zisomeke, ataona takriban mistari mitano zaidi ya Excel kwa mara moja. Msimamizi wa shamba la maua ambaye jedwali lake lina safu za siku 31 zilizotandazwa kwenda kulia anahitaji upana, na inchi 17.3 ya zamani itamfaa kuliko inchi 16 mpya.

Anayetoka kwenye pikseli 1366 kwa 768, zilizojaa katika laptopu nyingi za bei ya chini za inchi 15.6, atapata faida kubwa kuliko wote. Herufi zitakuwa safi, na macho yatapumzika.

Kuna njia ya tatu, ambayo wauzaji wa laptopu hawana haraka ya kuitaja. Ikiwa unafanyia kazi mezani, mahali pamoja, nunua monita ya inchi 24 na uiunganishe na laptopu uliyo nayo. Upana wake ni sentimita 53 na kimo karibu 30, yaani zaidi ya mara mbili ya eneo la skrini ya inchi 15.6. Kasoro yake ni moja: stima ikipotea, inazimika.

Stima, jua na vumbi

Ndabibi iko jirani na mitambo ya mvuke ya Olkaria, ambayo imekuwa ikizalisha umeme tangu 1981. Ujirani huo hauihakikishii soketi yako chochote. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa stima kwa saa nyingi, na hata bila janga la ukubwa huo, mvua kubwa au nguzo iliyoanguka inatosha kuivuruga siku. Kwa hiyo betri hapa ni kipimo cha kwanza cha laptopu.

Pima yako kabla ya kufikiria nyingine. Katika Windows fungua kidirisha cha amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Tafuta nambari mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake inapojaa sasa. Tuseme betri ilikuwa na wati-saa 50 na mashine yako hula wati 10 katika kazi za kawaida. Ilipokuwa mpya ilikupa saa tano. Ikiwa imebaki na asilimia 60 ya uwezo, inakupa saa tatu. Betri mpya inazirudisha zile saa mbili, na hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu.

Kwa anayetumia sola, angalia chaja. Laptopu ya ofisini ya inchi 16 kwa kawaida hutosheka na chaja ya wati 65. Zile zenye kadi ya picha ya kujitegemea, ambazo wauzaji hupenda kuziita za kazi nzito, mara nyingi hutaka wati 130 au zaidi, na inveta ndogo ya nyumbani inaweza kushindwa nazo.

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Modeli ileile inaweza kutoka na skrini ya niti 250 au ya niti 400. Ndani ya chumba chenye pazia huwezi kuona umuhimu wa tofauti hiyo. Iweke mashine karibu na mlango wa duka la mabati saa saba mchana, jua limewaka upande wa ziwa, na ile ya niti 250 itakuonyesha uso wako kuliko itakavyokuonyesha jedwali. Ukienda kununua, beba laptopu hadi mlangoni uitazame hapo.

Halafu kuna vumbi. Udongo wa eneo hili umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na laini, na wakati wa kiangazi huingia kila mahali. Mwambie fundi afungue bamba la chini la laptopu iliyotumika miaka mitatu bila kusafishwa. Kati ya feni na mapezi membamba ya kupoza joto atakuta tabaka la kijivu lililoshikana kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti. Prosesa inapata joto, inajipunguzia kasi ili isiungue, na mwenyewe anasema laptopu imezeeka. Ikipulizwa, ikafutwa na kupakwa dawa mpya ya kupitisha joto, hurudisha kasi ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuinunua upya.

Tafuta kinachokwama

Fungua kila programu unayoitumia siku ya kazi nyingi: kivinjari na kurasa zake, Excel, barua pepe. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kidirisha kitakachofunguka kinaonyesha matumizi ya prosesa, memori na diski kwa asilimia.

Ikiwa diski imesimama kwenye asilimia 100 na ni ya zamani ya kuzunguka, hapo ndipo penye tatizo. Diski hizo husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde. Ukiibadilisha kwa SSD ya kawaida ya SATA, isiyo na sehemu inayozunguka, utafikia 500 na zaidi. Ikiwa memori imejaa kupita asilimia 90, ongeza RAM. EliteBook 850 G5, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM, na fundi hahitaji zaidi ya nusu saa. Ikiwa prosesa ndiyo inayogonga 100 kila mara hata baada ya kusafishwa, basi hapo toleo jipya lina hoja.

Hoja nyingine isiyopuuzwa ni usalama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida ukapangiwa kumalizika Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwalimu anayehifadhi alama za wanafunzi, au mwenye saiba anayepitisha nywila za wateja, hapaswi kuendelea kwenye mfumo usiopata masasisho. Mwenye kizazi cha sita au cha saba ana njia mbili za haki: kuhamia mfumo huru kama Linux Mint ikiwa kazi zake ziko kwenye kivinjari na LibreOffice, au kubadilisha mashine.

Uamuzi

Ukishapima, hesabu gharama kwa mwezi. Tuseme toleo jipya, baada ya kuuza la zamani, litakugharimu shilingi 60,000, nawe utalitumia miaka minne. Hizo ni shilingi 1,250 kila mwezi. Ikiwa linakuokolea saa kadhaa za kazi yenye malipo kila mwezi, limejilipia. Ikiwa SSD, betri na usafi vinakupa faida hiyohiyo, tofauti yote ni mbolea, karo, au akiba ya chama.

Mwenye kizazi cha nane hadi cha kumi na moja, ambaye skrini yake ni ya pikseli 1920 kwa 1080, atengeneze na abaki. Mwenye kizazi cha saba kurudi nyuma, na kazi yake inadai Windows, abadilishe. Lakini asikimbilie toleo la mwaka huu. Alenge toleo la kwanza baada ya mruko, lililotumika na kutunzwa, kwa kuwa ndilo lenye sehemu kubwa ya faida. Mwenye 860 G9 asubiri mruko ujao.

Na kabla ya kulipa, uliza kama RAM inaongezeka na kama betri ya modeli hiyo inapatikana Naivasha au Nakuru. Hapa Ndabibi, mashine ambayo fundi wa karibu anaweza kuifungua na kuipatia kipuri itakutumikia kuliko ile inayoishinda kwa kasi siku ya kwanza.