Kerbal ya Kwanza au ya Pili?

Anayesikia sifa za Kerbal Space Program, gemu ya kuunda roketi na kuzirusha angani, hukuta mbili zikiuzwa katika duka la Steam: ile ya zamani na ya pili, ambayo mpaka leo inauzwa kama kazi isiyokamilika. Achukue ipi? Achukue ya zamani. Nasema hivyo bila kusita, na sababu zake zitamfaa yeyote anayevutwa na namba 2 kwenye jina la gemu ambayo bado iko jikoni.

Ya kwanza ilizaliwa Mexico City, ndani ya kampuni ya Squad iliyokuwa ikifanya kazi za masoko, si za gemu. Felipe Falanghe ndiye aliyekuja na wazo hilo. Umma uliipata Juni 2011 ikiwa na vipande vichache tu vya roketi, na bei yake ikawa inapanda kadiri gemu yenyewe ilivyokua. Ilifikia toleo la 1.0 Aprili 2015, ikaendelea kupata maboresho makubwa hadi 2021. Kwa hiyo kuuza gemu kabla haijaisha si kosa. Hii tunayoisifu ilipita njia hiyohiyo.

Uzuri wake utauona kwenye safari ya kwanza ya obiti. Mgeni huunganisha kapsuli, tangi na injini, akapaa wima mpaka mafuta yakaisha, kisha roketi ikarudi chini kama ilivyopanda. Akirudia mara kadhaa hutambua kwamba kwenda juu ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Roketi lazima ianze kuinama mapema kuelekea mashariki, ikusanye mwendo wa pembeni, hadi iwe inaizunguka sayari badala ya kuiangukia. Halafu kuna kurudi. Anga ya sayari ya Kerbin inafika hadi kilomita 70 juu ya usawa wa bahari, na kapsuli inayotoka mbali, tuseme kwenye mwezi uitwao Mun, huingia humo kwa kasi ya kuiunguza. Hapo ndipo unapojua kama ulifanya vyema kuongeza uzito wa ngao ya joto, na kama ulibakiza mafuta ya kupunguza mwendo. Uamuzi uliofanywa karakanani saa nzima iliyopita unapimwa katika dakika chache. Sijui gemu nyingine inayofundisha fizikia kwa namna hii bila kumchosha mtu.

Sasa tazama ya pili. Ilitangazwa 2019 kwa ahadi ya kutoka 2020, ikafika Februari 24, 2023 ikiwa haijakamilika, kwa dola 49.99, wakati ya kwanza bei yake ya kawaida ni dola 39.99. Siku hiyo joto la kuingia angani halikuwamo. Ungerudi kutoka Mun bila ngao yoyote na wanaanga wako wakatua salama, jambo linalofuta nusu ya hesabu niliyoieleza. Kilichokuwapo ni hitilafu nyingi, sauti na muziki wa kupendeza, mafunzo mazuri kwa wanaoanza, na orodha ya ahadi: utafiti wa kisayansi, makoloni, safari za kwenda nyota nyingine, kucheza pamoja mtandaoni. Utafiti na joto vilifika Desemba 2023. Mwaka uliofuata Take-Two, waliokuwa wamiliki wa gemu hiyo, walitangaza kupunguza wafanyakazi 70 huko Seattle, ambako studio ya Intercept Games ilikuwa ikiitengeneza, na masasisho yakakoma katikati ya 2024. Makoloni hayakuja, wala nyota nyingine, wala kucheza pamoja. Waliolipia ahadi hizo wamebaki na risiti.

Kuna suala la mashine pia. Ya kwanza hukubali kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4. Ya pili, ilipokuwa inakaribia kutoka, ilitajiwa kadi ya michoro ya RTX 2060 kama kiwango cha chini kabisa, na nafasi ya GB 60 kwenye diski. Kwa anayepakua kwa bando la simu, hizo GB 60 ni gharama ya pili juu ya bei ya gemu.

Kinyume chake ni gemu nyingine iliyouzwa kabla ya kukamilika, Hades II. Watengenezaji wake, Supergiant Games, walikuwa wameiuza Hades ya kwanza bila kukamilika tangu Desemba 2018 na kuimaliza Septemba 2020. Ya pili ilipoanza kuuzwa Mei 2024, ilikuwa tayari inachezeka kwa saa nyingi, ingawa mwisho wa hadithi haukuwamo. Ilikamilika Septemba 2025. Aliyenunua siku ya kwanza alipata thamani ya pesa yake siku hiyohiyo, na hata kazi ingekwama asingekuwa na dai kubwa.

Basi kabla ya kulipa, soma tarehe ya sasisho la mwisho. Tangu 2025 Steam yenyewe huweka onyo pale watengenezaji wanapokaa kimya muda mrefu. Angalia pia kama modi unazozipenda, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, MechJeb kwa mfano, zinapatikana kwenye toleo unalolitaka. Ukishanunua, Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa 2. Kwenye gemu ya kuunda vitu saa hizo huisha upesi, kwa hiyo usizimalizie kwenye mafunzo: unda roketi kubwa kuliko zote unazoweza, irushe, uone kama kompyuta yako inaimudu.