Banda la Mbao Kabla ya Mashine

Katika Ghuba ya Muhuru, pande za Nyatike katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, seremala huwatumikia watu wa namna mbili, yaani mvuvi atakaye mashua na mwenye nyumba atakaye milango na vitanda. Na madhali ubao ule ule aghalabu hupasuliwa kwa haja zote mbili, hutokea hasara ambayo watu huinasibisha na mkono wa fundi, ilhali asili yake ni maji yaliyobaki ndani ya mti.

Ubao ukaukapo husinyaa kwa upana, wala urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Mbao za mashua hazihitaji ukavu kamili, kwa sababu zikishushwa ziwani huvimba, zikabanana na kuishika kalafati barabara. Lakini ubao kama huo ukitiwa mlangoni, kiangazi kikifika huacha nyufa ambazo hakuna gundi iwezayo kuziziba.

Dawa yake ni subira. Mbao zipangwe kivulini, penye upepo, juu ya magogo yaliyoziinua kutoka ardhini, na baina ya kila safu viwekwe vijiti vya unene mmoja vilivyolingana wima; ncha zipakwe rangi au nta, kwani maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia huko, na ndiko mipasuko ianziako. Kwa mti mgumu, mafundi wa zamani walihesabu mwaka 1 kwa kila inchi ya unene. Atakaye ithibati na atumie mizani ile ile ya kupimia samaki: apime ubao mmoja kila wiki mpaka uzito ukome kupungua. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kipande cha gramu 600, kikikaushwa motoni kikabaki gramu 500, kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, na kwa samani unyevu wa asilimia 12 hadi 14 ndio unaofaa.

Mvule ndio uliopata sifa kuu katika nchi hizi, na sifa hiyo ni haki yake, maana moyo wake hustahimili maji na mchwa. Lakini tabaka la nje, lenye rangi ya kufifia, halina kinga hiyo, na mnunuzi asikubali kuuziwa hilo kwa thamani ya moyo. Fauka ya hayo, ndani ya mvule mara nyingine hukaa chembe ngumu za chokaa ambazo huvunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kuudhi kifua, hivyo fundi sharti afunike pua.

Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mafundi wengi wakayaelekea mashamba ya watu, kwenye mgrevilea na mkaratusi. Mkaratusi hupinda sana ukikauka, basi rundo lake liwekewe mawe mazito juu. Na mbao zitokapo shambani ziwe na kibali cha Shirika la Huduma za Misitu cha kuzisafirisha, nacho kidaiwe kabla ya fedha kutolewa.

Ama mashine, msumeno wa mnyororo hula karibu sentimita 1 katika kila mpasuo, na msumeno wa mkanda milimita 2 au 3 tu. Kwa mipasuo 5, wa kwanza huteketeza karibu inchi 2 za mti mzima. Msumeno duara usiwashwe bila kifuniko chake, wala usikaribiwe kwa glovu, kwani jino likiinasa huvuta na mkono.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Muhuru wanaojiunga ili kununua mashine: fedha za kwanza zijenge banda la kukaushia mbao, za pili zinunue randa na tupa za kunolea misumeno, na mashine ije baada ya hapo.