Simu kwa Simu, Mikumi hadi Kilosa: Njia Ipi Nafuu?
Video ya somo ina MB 700, na wanafunzi watano pale Mikumi wanaitaka. Kila mmoja akiipakua kwa bando lake, GB 3.5 zimekwenda. Akipakua mmoja akawarushia wenzake, ni MB 700 basi. Ndiyo maana watu huunganisha simu zenyewe kwa zenyewe, bila mnara. Ila bando uliloliokoa utalilipa kwa njia nyingine.

Bluetooth utailipa kwa muda. Ipo kwenye kila simu na haidai programu, lakini hata ukibahatika kupata megabiti 2 kwa sekunde, video hiyo itachukua dakika 47 kwa mtu mmoja, mkiwa mmekaa karibu karibu. Wanne wakipokea kwa zamu, saa 3 zimekatika. Mwenye iPhone asijisumbue. Haipokei faili za Android kwa njia hiyo.

Wi-Fi ya simu kwa simu, ile inayotumiwa na Xender, ni habari nyingine: kwa megabiti 40 tu, video inaingia kabla ya dakika 3. Hapa unalipa kwa chaji. Tena simu moja ndiyo hubeba kundi zima. Mwenyewe akiitwa nyumbani na mama yake, wote mmekatika, mnaanza upya. Ukuta wa tofali hudhoofisha mawimbi, na bati ni baya zaidi.

Wapo wanaoota kuunga mtandao huo hadi Kilosa. Kupitia Ulaya (si ile ya Wazungu) ni zaidi ya kilomita 60. Ukiweka ruta kila mita 100, utahitaji zaidi ya 600, zote zikitaka umeme, na ruta ya redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi kila inapopokea na kupitisha. Vifaa vya redio vya LoRa hufika kilomita kadhaa, lakini hubeba ujumbe mfupi, si video. Ukivinunua, hakikisha vimeidhinishwa na TCRA.

Mkiwa baraza moja, tumieni Wi-Fi. Kwa Kilosa, mimi ningempa konda bahasha yenye memori kadi ya GB 32 iliyojaa: hata basi likitumia saa 3, hiyo ni kama megabiti 23 kwa sekunde. Bakiza nakala tu, maana kadi ikipotea njiani konda hakulipi.